Visiki vya Bloku ya Mukombero

Vijana wangu mnaoanza kazi ya misitu, nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kupima miti, na nimekubali kwa sharti moja: msinisome kama mnavyosoma kitabu cha mtihani. Mimi ni Truphena. Nimestaafu, naishi Amalemba, na magoti yangu hujua mvua inakuja kabla ya redio. Maisha yangu yote ya kazi nimepima paini. Najua sasa mna simu inayopiga mwale hadi kwenye ncha ya mti na kuwapa jibu kabla hamjapangusa jasho. Nawaonea wivu kidogo, sitaficha. Lakini kuna jambo ambalo simu hiyo hailioni, na kwa sababu ya jambo hilo mtu niliyemheshimu kuliko wote kazini aliondolewa kazi. Nitafika huko. Kwanza tupime.

Kosa la kila mgeni ni kusimama karibu mno na mti. Anainua kifaa, shingo inapinda, anaona kijani kibichi huko juu na kuandika. Alichokiona si ncha. Ni bega la matawi, au ni ncha ya mti wa jirani. Rudi nyuma, umbali usiopungua urefu wa mti wenyewe, hata kama itabidi uingie kwenye miiba. Mti ukiwa umeinama, simama ubavuni mwake, usisimame upande unakoinamia. Na huku kwetu pima asubuhi. Mchana mawingu hushuka kutoka upande wa Nandi, upepo unaanza kuchezesha ncha, na ukikawia utapigwa na mvua ya mawe ukiwa umekumbatia kifaa cha serikali.

Kosa jingine ni la wasomi. Tulipata kijana wa mafunzo aliyesoma kwamba umri wa paini hujulikana kwa kuhesabu mapete ya matawi kwenye shina, kila pete mwaka mmoja. Kitabu chake kiliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako mti hulala miezi kadhaa. Paini ya Kakamega hailali, inatoa mapete kila inapojisikia. Kijana akahesabu, akaja mbio ofisini kutwambia kwamba mti ule ulipandwa kabla ya uhuru. Mkuu wa kituo chetu akavua kofia akamwonyesha kichwa.

"Mti huo niliupanda mimi," akamwambia. "Sasa nitafutie mvi hapa."

Huyo mkuu ndiye ninayetaka mumjue. Aliitwa Makokha, mtu wa Lugari, na watu wote wa pale walimwita Foresta, hata mkewe. Alikuwa mrefu, mpole, mzito wa kucheka. Kituo chetu kilikuwa kidogo, upande wa barabara ya Malava, na jina lake nitaliacha. Nilihamishiwa pale nikiwa msaidizi wake, na yeye ndiye aliyenifundisha kusimama mbali na mti. Alinifundisha pia kuwasalimu watu wa kando ya msitu kabla ya kuingia msituni, kila asubuhi, hata kama tumechelewa. Nilidhani ni adabu tu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anajua nyumba zote zile kwa majina ya wafu wao.

Sasa niwaeleze hesabu yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari. Kazi yetu kubwa haikuwa kujua mti fulani una kimo gani leo. Tulitaka kujua mahali fulani patakuza paini kufikia kimo gani ikifika umri wa kuvunwa. Zamani jambo hilo lilikadiriwa kwa macho. Foresta wa zamani alitazama nyasi, akachota udongo, akanusa, akasema hapa ni pazuri. Mara nyingi alikuwa sahihi, lakini alipostaafu aliondoka na pua yake.

Ndipo akaja Bwana Otieno kutoka ofisi kuu, mtaalamu wa hesabu, kijana mwembamba aliyependa sana obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, na hakujali kuchafua viatu. Alitufundisha kuandika kwa kila ploti, kile kipande kidogo cha msitu tunachokipima, mwinuko wa mahali, mvua, mteremko, na kina cha udongo tulichokipima kwa keekee ndefu ya chuma. Kisha katika ploti hiyo tunapima kimo cha miti mirefu kuliko yote. Sio wastani wa miti yote, mirefu tu. Mti mfupi huenda umenyimwa jua na jirani yake, kwa hiyo ufupi wake hauwezi kukwambia lolote kuhusu udongo. Ule mrefu haukuzuiwa na mtu. Umekwenda hadi pale udongo na mvua vilipouruhusu. Otieno alikusanya ploti za vituo vingi, akapata hesabu ambayo ukiipa hali ya mahali na umri wa miti, inakutajia kimo; ukiichora ni mstari unaopanda na umri. Tulipoijaribu kwenye bloku zetu ilikaribia sana ukweli. Niliipenda hesabu ile. Bado naipenda.

Bloku moja tu ilikataa. Tuliiita Mukombero, kwa sababu zamani watu walikuwa wakichimba mukombero pale kabla msitu haujapandwa, na nyote mnajua wazee walitafunia nini mizizi ile, sitaeleza. Ilikuwa imepakana na nyumba za watu. Makokha aliipanda pamoja na watu hao hao, wao wakilima mahindi na maharagwe katikati ya miche na kuipalilia hadi ikaziba jua la mazao, ndipo wakaondoka. Chini yake kulikuwa na chemchemi iliyonywewa na mtaa mzima. Kwa hesabu ya Otieno, Mukombero ilipaswa kuwa miongoni mwa bloku bora. Tulipopima, paini zake zilikuwa fupi kuliko zilivyotakiwa, na si kwa kidogo. Tukarudia. Jibu likawa lile lile.

Otieno alikuja mwenyewe kutueleza maana yake. Tulikaa watatu kwenye benchi nje ya ofisi.

"Ofisi kuu imeamua," akasema, "bloku yoyote iliyo chini ya mstari itatolewa kwenye paini. Itakatwa sasa, na ardhi ikodishwe kwa wakulima wa miwa. Mimi siamui. Mimi natoa mstari tu."

"Zikikatwa sasa zitatoa nini?" Makokha akauliza.

"Fito na kuni."

Makokha alitazama upande wa Mukombero. Alikuwa ameitunza bloku ile tangu ikiwa miche ya kufika gotini. Na chemchemi ile haingevumilia miwa, kila mtu pale alijua hilo.

Mimi na Otieno tukaingia Mukombero na keekee. Tulichimba hapa na pale, na kila mahali ilizama yote. Udongo ulikuwa mwekundu, mzito, wa kushiba. Otieno aliulowesha kwa maji ya chupa, akauviringisha katikati ya vidole ukatoka utepe mrefu bila kukatika. Akausoma kama anayesoma barua ya matusi. Jamani, nilimhurumia.

"Udongo ni huu, mvua ni ile, na miti ni hii," akasema. "Mmoja ananidanganya."

Tulikuwa tunarudi kuelekea njia wakati mguu wangu ulipoteleza kwenye kitu kigumu chini ya majani makavu ya paini. Nikapangua kwa panga. Kilikuwa kisiki, kimekatwa sawa na ardhi kabisa, kikafunikwa udongo, kisha majani. Mwizi wa miti hakati hivyo. Mwizi hukata kwenye usawa wa magoti na kukimbia. Hiki kilikatwa na mtu aliyepewa muda. Na kilikuwa kinene. Nikapima, nikazunguka na kutazama paini zote zilizosimama pale karibu. Hakuna hata moja iliyokuwa na shina la kushindana nacho.

Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekiona mwaka wangu wa kwanza pale. Mama mmoja jirani, Mama Ayuma, alifiwa na mume. Alikuja ofisini asubuhi na shemeji yake, wakasimama nje bila kubisha. Makokha alitoka, akavua kofia, wakaongea kwa sauti ya chini, kisha akawapeleka msituni. Nilimfuata nikidhani atawaonyesha kuni za wasaa wa matanga. Alitembea akitazama juu, akapita miti mingi, akausimamia mmoja ulionyooka kuliko yote, akaupigapiga kwa kiganja. "Huu," akasema. "Mkate chini kabisa, mfunike vizuri." Mbao zake zilikwenda kwa seremala, na mume wa Mama Ayuma akazikwa kwenye sanduku kama watu wengine. Nilidhani ilikuwa mara moja. Nilifikiri ni huruma ya siku moja, nikanyamaza, na sikuwa na sababu ya kufikiri zaidi.

Siku ile ya keekee nilielewa kwamba kila nyumba iliyofiwa na haikuwa na uwezo ilikuwa ikija kwa Foresta. Kila mara alikuwa akitoa mti wa Mukombero kwa sababu ndio uliokuwa karibu kubebwa, na kila mara alichagua ule mrefu kuliko yote. Tulipokuja sisi na vifaa vyetu kutafuta miti mirefu, mirefu ilikuwa imekwisha kulala makaburini. Tulipima ile iliyokulia kivulini mwake. Mianya ilikuwa imeshazibwa na matawi ya majirani, hatukuona kitu.

Otieno alinitazama, akanielewa, akafunga daftari. Nitamshukuru daima kwa kunyamaza kwake siku ile.

Jioni nilimfuata Makokha kwenye bustani yake ya sukumawiki. Nilikuwa na hasira naye, lazima niseme. Nilimwambia ameiua bloku yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa nini mirefu, Bwana Foresta? Kwa nini usiwape ya pembeni, iliyopinda?"

Aliinama aking'oa magugu. "Truphena, mtu amepalilia miti hii na mtoto mgongoni. Anakufa hana mbao nne. Watoto wake wanakuja kwangu wamefunga mikono. Niwaonyeshe mti uliokonda?"

Nikamwambia kilichobaki, ambacho tayari alikuwa anakijua. Visiki vile vingeweza kuiokoa bloku. Unene wa kisiki hukupa kimo cha mti uliokuwa juu yake, ukipima miti iliyosimama ya bloku hiyo hiyo, kisiki na kimo, na kuona vinavyofuatana. Tungeweza kuirudisha ile miti mirefu kwenye hesabu. Lakini nikivipima, ofisi kuu itauliza nani alikata, na kwa idhini ya nani. Alikuwa amebakiza kidogo sana astaafu.

"Tukinyamaza?" akauliza.

"Miwa."

"Na tukipima?"

"Wewe."

Aliendelea kupalilia. Mimi nilisimama pale nikitamani aniamuru ninyamaze, maana yeye ndiye mkubwa wangu na ningetii. Hakuniamuru. Alinyanyuka akasema ataongea na liguru, yule mzee wa mtaa, ili watu waje Jumamosi asubuhi. Kuvitafuta visiki vile peke yetu tungemaliza mwaka.

Walikuja na majembe. Sikutegemea wengi vile, na sikutegemea kwamba wangevaa nguo za kanisani. Makokha alisimama mbele yao akawaambia kwa ufupi kwamba msitu umeitwa mbaya kwa sababu miti waliyopewa haionekani, na kwamba yeyote aliyepewa mti asimame pale ulipokuwa. Aliwaambia pia wasiogope, kosa ni lake. Walitawanyika kati ya paini, kila jamaa mahali pake, bila kutafuta, wakaanza kuparua majani taratibu kama wanaofukua viazi.

Nilipita na tepu, Otieno akiandika. Nawaeleza hili kwa sababu ni kazi, na kazi ilikuwa hivi: kisiki peke yake hakikuambii mti ulikatwa ukiwa na umri gani, na bila umri hesabu haina mahali pa kuuweka. Kwa hiyo ilinibidi niulize.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza mwanamume mmoja.

"Huyu ni kukhu," akasema, yaani nyanya yake. "Alitulea sisi wote."

"Alifariki lini?"

Akanitajia. Tukatoa mwaka wa kupandwa kwenye mwaka wa kifo, tukapata umri wa mti. Tukaenda kwa anayefuata. Baba. Dada. Mtoto aliyekuwa ameanza shule. Kwa kila kimoja nilipima upana huku na huku, nikauliza lini, nikasema pole. Mara kadhaa nilipima upya kisiki nilichokwisha kupima, na Otieno akawa ananisubiri huku akitazama kalamu yake.

Mama Ayuma alikuwa amesimama karibu na njia. Kisiki chake kilikuwa kimezama. Nilipokigusa kwa panga kiliingia kama ugali uliolala. Kisiki cha paini huku kwetu hakidumu, unyevu na mchwa havingoji, na kilichooza kimepoteza ukingo wake. Huwezi kukipima.

"Andika basi," akaniambia. "Hii kisiki ya bwana yangu ni hii. Mimi nakujanga hapa kila Krismasi, nafagia."

"Mama, imeoza. Siwezi kuiandika."

"Lakini wewe mwenyewe uliona huo mti ukikatwa. Ulikuwa mrefu."

Ni kweli, nilikuwa nimeuona. Na ningeweza kukisia, na pengine nisingekosea sana. Vijana wangu, sikuuandika. Ilikuwa kukisia, na endapo kisiki kimoja kingepatikana ni cha kubuni, ofisi kuu ingevitupa vyote. Nilimweleza hivyo. Alirudishia udongo pale pale kwa mikono yake, akausawazisha. Hakunisamehe siku ile. Kuna mambo ya haki katika kazi hii ambayo yanauma kuliko makosa.

Otieno alipomaliza hesabu zake mezani petu, aliniita nione. Ile miti ya wafu ilikaa barabara kwenye mstari ule ule wa kwanza wa Mukombero, mmoja baada ya mwingine, pale pale ambapo mwinuko na mvua na udongo vilisema ikae. Bloku ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Sasa, kila mnapokuta mahali ambapo miti haikubaliani na udongo, kabla hamjalaumu udongo au hesabu, zungukeni mkitazama chini. Ulizeni majirani nini kilisimama pale. Yeyote anayepima vilivyobaki tu, anapima nusu ya habari, hata akiwa na chombo cha kisasa namna gani.

Ripoti ilihitaji kueleza visiki vimetoka wapi. Niliiandika mara tatu nikijaribu kumficha, na mara zote Makokha aliisoma akanirudishia. Mwishowe alichukua kalamu akaandika sentensi hiyo yeye mwenyewe, kwamba miti ile ilikatwa kwa amri yake, bila kibali, kwa ajili ya maziko. Akatia sahihi. Hawakumfunga, lakini walimwondoa, na haki zake za uzeeni zikaenda na kazi. Siku aliyofunga mizigo, watu walijaa uani kwake, wengine wameleta kuku, wengine mahindi, wengine wamekuja mikono mitupu kusimama tu. Nilipakia godoro lake kwenye pikapu nikilia hadharani, mimi mtu mzima. Yeye alinikumbusha kuwasalimu watu asubuhi.

Mukombero haikukatwa. Ilikua miaka yake yote iliyobaki, miti iliyokuwa kivulini sasa ikipata jua na kufidia kimo ilichokosa, na hakuna aliyepewa tena mti wa maziko, hata mimi sikuthubutu kuutoa. Jambo hilo lilinisumbua na bado linanisumbua. Watu walirudi kuzikana kwa kuombaomba mbao. Sijui mngefanya nini mahali pangu, na sitawadanganya kwamba nilipata jibu.

Umri wa kuvuna ulipofika, niliomba nipime mimi kabla ya misumeno kuingia. Nilipima asubuhi, nikasimama mbali, nikapima mara mbili kila mti mrefu wa kila ploti. Kisha nikapanda gari kwenda Lugari.

Nilimkuta Makokha amekaa kwenye kiti nje ya ghala lake la mahindi. Alikuwa amezeeka sana na macho yalikuwa yamekwisha kazi, lakini aliijua sauti yangu kabla sijataja jina. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, za Otieno, za mvua. Nilikuwa nimejitayarisha aulize kama watu wa pale bado wanamtaja, au kama ofisi imewahi kujuta. Hakuuliza hayo.

"Mukombero zimefika wapi?" akasema.

Nikamtajia kimo. Kilikuwa kile kile kilichotajwa na mstari.

Aliinua uso juu kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani akiutafuta ule mti wa kuwapa wafiwa.

"Niambie tena," akasema.

Nikamwambia tena.